Je, dhahabu ya Osazuwa ni jasho la Nigeria?

Mtoa hoja:
Uhunoma Osazuwa alipoiwakilisha Nigeria katika heptathloni kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, na zaidi aliponyakua dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Brazzaville mwaka 2015, wengi tulishangilia bila kuuliza alinolewa wapi. Alinolewa Marekani. Hoja yangu ni kwamba shirikisho la riadha la Nigeria limezoea kuvuna shamba ambalo halikulilima, na kwamba nafasi za timu ya taifa zitengwe kwanza kwa wasichana wanaofanya mazoezi nyumbani.

Mchangiaji:
Ndugu mtoa hoja, lawama yako naielewa, ila dawa uliyoitoa siikubali. Heptathloni ni michezo saba kwa siku mbili: siku ya kwanza kuna viunzi vya mita 100, kuruka juu, kurusha tufe na mita 200, kisha siku ya pili kuna kuruka chini, kurusha mkuki na mita 800. Mkimbiaji wa mita 100 anaweza kuanza na viatu na uwanja wenye nafuu, lakini binti wa heptathloni anahitaji viunzi, godoro la kuangukia, mkuki, shimo la mchanga, na walimu wanaojua kumpangia mazoezi ili mguu unaoruka usichoshwe na mbio. Ndiyo maana Nigeria iliweza kumtoa Chioma Ajunwa, aliyetwaa dhahabu ya kuruka chini mjini Atlanta mwaka 1996, lakini kipaji cha mchezo mmoja hakimfikishi mtu mbali panapohesabiwa pointi za michezo saba. Tukimfungia mlango Osazuwa, hakuna godoro hata moja litakalofika Benin City, mji wa kwetu Nigeria, kwa sababu hiyo.

Mtoa hoja:
Hapo umenishinda, na pendekezo la kutenga nafasi naliondoa. Hata hivyo, vifaa visiwe kisingizio cha kila kitu. Kabla ya Olimpiki ya Tokyo, wanariadha 10 wa Nigeria walizuiwa kushindana kwa kuwa hawakuwa wamepimwa mara tatu kwa kushtukizwa, nje ya mashindano, ndani ya miezi 10, kama ilivyotakiwa kwa nchi zilizowekwa katika kundi lenye hatari kubwa zaidi ya matumizi ya dawa zilizopigwa marufuku. Hiyo ni kazi ya kalenda na ufuatiliaji, haihitaji mkuki wala mchanga. Mwaka 2024 mjini Paris, Favour Ofili alikosa mita 100 kwa sababu jina lake halikuwasilishwa, ingawa alikuwa amefuzu. Ninachodai sasa ni kimoja: kila mara shirikisho linapomtangaza mwanariadha wa ughaibuni kuwa fahari ya taifa, litangaze pia lilitumia naira ngapi kumwandaa, na ngapi kwa wenzake walioko nyumbani.