Rais akiwa bado ikulu, achunguzwe na kushtakiwa au tumsubiri atoke?

mdadisi_wa_usiku (mleta mada)

Wakuu salama? Naomba tulijadili hili kwa utulivu maana limenikaa kichwani siku kadhaa sasa. Rais aliye madarakani akituhumiwa kosa la jinai, na nasema kosa kweli, kuiba, kutoa amri watu waumizwe, kuharibu ushahidi, je wapelelezi waanze kazi siku hiyohiyo au jalada liwekwe kabatini mpaka muda wake uishe?

Naona watu wengi wanachanganya vitu viwili. Kuchunguza ni kukusanya nyaraka, kuhoji mashahidi, kufuata pesa zilikopita. Kushtaki ni kumsimamisha mtu kizimbani. Msimamo wangu ni kwamba kushtaki kunaweza kungoja lakini kuchunguza hakuwezi kungoja hata kidogo, kwa sababu ushahidi unaoza. Mashahidi wanakufa, wanahama, wanasahau, karatasi zinachanwa.

Mfano ninaoukumbuka kila siku ni wa Jacques Chirac wa Ufaransa. Mambo aliyoshtakiwa nayo, ajira hewa pale jiji la Paris, yalitokea alipokuwa meya miaka ya mwanzo ya 1990. Mwaka 1995 akawa rais, akakaa mpaka 2007, na muda wote huo haguswi. Hukumu imekuja Desemba 2011, kifungo cha miaka 2 cha nje, na mwenyewe hata mahakamani hakufika kwa sababu kumbukumbu zilikuwa zimemtoka. Yaani haki imefika mlangoni mwenye kujibu hakumbuki tena. Hiyo si haki kwa wananchi, na kwake pia si haki, maana atajiteteaje?

Mnaonaje?

hoja_kwa_hoja

Mkuu nakuelewa ila mimi niko upande wa kumwacha afanye kazi. Rais sio mtu mmoja, ni ofisi. Siku unamfungulia kesi anaacha kusoma ripoti za usalama anaanza kukaa na mawakili, nchi inaendeshwa na nani? Halafu fikiria mamilioni wamepiga kura, mwendesha mashtaka mmoja ambaye hakuna aliyempigia kura anaamka asubuhi anaandika hati ya mashtaka, basi kishamng'oa rais hata kama mwisho wa siku ataonekana hana hatia.

Ndio maana Marekani wizara yao ya sheria iliandika mwaka 1973 na ikarudia mwaka 2000 kwamba rais aliye madarakani hashtakiwi, njia yake ni bunge kumwondoa kwanza. Hata zile kesi 2 za serikali kuu dhidi ya Trump, mwendesha mashtaka aliachana nazo Novemba 2024 Trump aliposhinda uchaguzi, kwa msimamo huohuo. Bunge lipo, litumike.

kalamu_nyekundu

@hoja_kwa_hoja bunge litumike sawa, lakini bunge hilohilo si ndio wabunge wa chama chake? Brazil mwaka 2017 mwanasheria mkuu wao alimfungulia rais Michel Temer mashtaka mara 2, ila kwa katiba yao ili kesi iende mahakamani zinatakiwa kura 342 kati ya 513 za wabunge, mara zote 2 hazikufika. Jalada likakaa. Alipotoka Januari 2019, Machi tu akakamatwa. Sasa niambie kati ya 2017 na 2019 kilichobadilika ni nini kama sio kiti?

Na hayo maandishi ya wizara ya Marekani sio sheria iliyopitishwa na bunge, wala mahakama ya juu haijawahi kuamua moja kwa moja kama rais aliye madarakani anaweza kushtakiwa. Halafu kuna kitu watu hawakiangalii, ukomo wa muda wa kushtaki. Kule makosa mengi ya serikali kuu yana ukomo wa miaka 5, na rais anaweza kukaa miaka 8. Piga hesabu mwenyewe. Mtu akifanya kosa mwaka wa kwanza na akachaguliwa tena, akitoka kosa limeshakufa, labda mahakama ikubali kwamba muda ulisimama. Kumsubiri atoke hapo ni sawa na kumsamehe.

Kenya hili waliliona. Ibara ya 143 ya katiba ya 2010 inampa rais kinga ya jinai akiwa madarakani, lakini inasema kabisa kwamba muda aliokaa na kinga hauhesabiwi kwenye ukomo. Saa inasimama. Na kinga hiyo haifanyi kazi kwenye makosa ya mikataba ya kimataifa inayokataza kinga, ndio maana Oktoba 2014 Uhuru Kenyatta alikwenda mahakama ya kimataifa ya jinai kule The Hague akiwa rais, wa kwanza kufanya hivyo. Kabla ya kuondoka alimkabidhi Ruto madaraka ya kukaimu, akasema anakwenda kama yeye binafsi. Desemba mashtaka yakaondolewa kwa ushahidi kutotosha, huku mwendesha mashtaka akilalamika hakupata ushirikiano wa serikali, Uhuru mwenyewe alikana tangu mwanzo. Mimi nachosema ni kwamba rais alikaa kwenye kiti cha mshtakiwa, akarudi nyumbani akaendelea na kazi, nchi haikusambaratika.

Tanzania ni tofauti, ibara ya 46 inakataza kumshtaki akiwa madarakani na hata akishatoka kwa aliyoyafanya kama rais, isipokuwa kama bunge lilimwondoa. Hapo hakuna saa ya kusimamisha, mlango umefungwa.

mzee_wa_rufaa

Vijana mnaongea vizuri ila mmeruka swali lenyewe, nani atamfunga paka kengele? Anayechunguza analipwa na nani, anateuliwa na nani, anafukuzwa na nani?

Oktoba 20, 1973, jioni ya Jumamosi. Archibald Cox, mwendesha mashtaka maalumu, anataka kanda za sauti zilizorekodiwa ofisini kwa Nixon, rais wa Marekani anayechunguzwa. Nixon anamwamuru mwanasheria mkuu Elliot Richardson amfukuze Cox, Richardson anakataa anajiuzulu. Anafuata naibu wake, William Ruckelshaus, naye anakataa naye anaondoka. Wa tatu, Robert Bork, ndiye akatekeleza. Usiku mmoja tu wizara imebaki bila kichwa kwa sababu mtuhumiwa ana kalamu ya kuwafukuza wanaomchunguza. Kilichoiokoa kazi ile ni wananchi kuja juu mpaka akateuliwa mwingine, na Julai 24, 1974 majaji wa mahakama ya juu, 8 kwa 0, wakasema kanda zitolewe. Agosti 9 Nixon akaondoka. Mwezi mmoja baadaye Ford, rais aliyemrithi, akamsamehe, kesi ikafia hapo, na mimi hilo la msamaha bado linaniuma mpaka leo maana ukweli wote haukusikika mbele ya jaji.

Kwa hiyo mleta mada, uchunguzi wa rais bila kumlinda mchunguzi ni maigizo. Awe mtu ambaye rais hawezi kumgusa mpaka amalize.

swali_moja_tu

Na akitumia jeshi kuzuia bunge je? Bado tusubiri? Korea Kusini ibara yao ya 84 inamkinga rais isipokuwa kwenye uasi na usaliti. Rais wao Yoon alitangaza utawala wa kijeshi Desemba 3, 2024. Januari 3 wachunguzi wakaenda na hati ya kumkamata, walinzi wake wakajipanga ukuta wa watu na magari, wakarudi mikono mitupu. Januari 15 wakarudi na ngazi na mikasi ya kukatia nyaya, wakamchukua. Alikuwa bado rais, amesimamishwa tu. Januari 26 akashtakiwa.

mdadisi_wa_usiku (mleta mada)

Asanteni sana wakuu, mmenifanya nibadilishe kitu. Mwanzo nilisema kushtaki kungoje, sasa naongeza masharti: kungoje pale tu ambapo saa ya ukomo imesimama kama Kenya, na mchunguzi hafukuzwi na anayechunguzwa kama alivyosema mzee. Kosa likiwa la kuipindua katiba yenyewe hakuna kungoja, maana hicho kiti kinachompa kinga ndicho anachokivunja.

@hoja_kwa_hoja bado nina deni na wewe kwenye suala la mwendesha mashtaka mmoja kumng'oa aliyechaguliwa na mamilioni, hilo sijalipatia jibu zuri. Unaonaje kama kabla ya hati kutoka jopo la majaji, sio wabunge, ndio wapime kama ushahidi unatosha? Mzee pia naomba neno lako hapo, hao majaji watateuliwa na nani?