Joto la ghafla: homoni au dawa isiyo na homoni?

Mama_Pacha: Jamani wenzangu, nina miaka 49, naelekea kukoma hedhi, siku hizi inakuja ikijisikia, na hili joto limenishinda. Linaanzia kifuani linapanda shingoni mpaka masikioni, dakika tatu nne nimelowa chapachapa, halafu baridi inaniingia naanza kutafuta shuka nililolitupa mwenyewe. Usiku nageuza mto mpaka pande zote mbili zimelowa. Daktari kanambia nichague, homoni au dawa isiyo na homoni, nikabaki kumkodolea macho. Nyie mlichagua nini?

Shangazi_D: Mi plasta ya estrojeni, ile homoni ya kike inayoshuka umri huu, naibandika chini ya kitovu, nabadilisha mara mbili kwa wiki. Kwa joto hakuna kinachoifikia, siku ya kwanza kulala mpaka asubuhi nilishtuka nikadhani nimechelewa mahali. Ila kama kizazi unacho lazima uongezewe homoni nyingine, projesteroni, estrojeni peke yake inanenepesha ukuta wa ndani wa kizazi na mwisho wake unaweza kuwa saratani.

NipeFeni: Dada usifuate tu. Mi niliugua saratani ya titi, homoni marufuku kwangu. Nikaandikiwa paroksetini, dawa ya sonona inayopunguza na joto, na huku natumia tamoksifeni ya kuzuia saratani isirudi, kumbe hiyo ya kwanza inaidhoofisha ya pili, bahati mfamasia akaliona nikahamishiwa venlafaksini, nayo ya sonona. Joto halijaisha, limepungua kama nusu hivi, nashukuru.

Bint_Zu: Ipo pia fezolinetanti, Marekani waliipitisha 2023. Sio homoni, inatuliza pale kwenye ubongo panaporatibu joto la mwili, maana estrojeni ikishuka pale panakuwa na wenge, kijoto kidogo tu mwili unaamua unaungua. Ila inataka utolewe damu kupima ini kabla ya kuanza na uendelee kupima miezi ya mwanzo, mi sindano naogopa nikaiacha. Vidonge vya mitishamba nimemaliza chupa mbili, hola.

Shangazi_D: Mbili tu? Mi tatu 😂

Mama_Pacha: Asanteni. Kizazi ninacho, titi salama, ila mi mwenyewe damu iliwahi kuganda mguuni baada ya uzazi na sikumwambia daktari, nilidhani hayahusiani.

Shangazi_D: Weee, yanahusiana sana! Hasa homoni za kumeza, zinaongeza hatari ya damu kuganda. Mwambie kabla hajaandika chochote.

Mama_Pacha: Narudi Alhamisi. Halafu nikianza homoni si ndo nimeachana na uzazi wa mpango?

NipeFeni: Thubutu! Hizi hazizuii mimba. Hedhi si bado inakuja? Endelea na kinga yako.