Mnunuzi wa Hamburg au mama wa Kampala? Naomba ushauri kuhusu kuuza mawe ya Kisii nje

BintiTabaka, Kisumu:
Wadau, hamjambo. Sisi ni familia ya wachongaji wa mawe ya Kisii, lile jiwe laini la sabuni. Karakana iko Tabaka, Kisii, mimi naendesha kibanda cha kuuzia hapa Kisumu. Wateja wetu ni watalii wachache, maduka mawili matatu ya Nairobi, na mama mmoja wa Kampala ambaye kila mwezi hupokea mzigo mpakani Busia, analipa hapo hapo, tunaagana.

Sasa amejitokeza Mjerumani wa Hamburg anayesambaza mapambo ya nyumba. Anataka bakuli, vishikio vya mishumaa na viboko wadogo wa kuchonga, jumla karibu tani mbili. Bei yake inakaribia mara mbili ya Kampala. Masharti: asilimia 30 kabla ya kazi, iliyobaki siku 60 baada ya mzigo kufika. Anataka bei iwe FOB Mombasa, na kuhusu sarafu anasema nichague mwenyewe, shilingi au euro.

Shida ni kwamba mafundi tulio nao hawatoshi kwa oda zote mbili. Mama anasema mteja wa mkononi haachwi kwa ajili ya mteja wa barua pepe. Kakangu ameshaanza kuulizia bei ya pikipiki. Ninyi mliowahi kuuza nje, kuna nini hapa ambacho sikioni?

MpakiajiWaPwani:
Dadangu, kabla ya bei soma hizo herufi tatu. FOB maana yake gharama na hatari ni zako mpaka mzigo uwe ndani ya meli Mombasa. Lori kutoka Tabaka ni lako, forodha ya huku ni yako, kiboko akivunjika masikio kule Mtito Andei ni wako. Ukishapakiwa, ni wake.

Lakini tani mbili hazijazi kontena. Utachangia kontena na watu wengine, na hapo mzigo unauacha kwenye ghala la mkusanyaji. Siku ya kupakiwa melini hutaijua wala hutakuwepo. Kwa mzigo wa namna hiyo sharti linalofaa ni FCA: ukimkabidhi mkusanyaji na kupewa stakabadhi, wajibu wako umeisha. Mwambie abadilishe. Mnunuzi anayejua kazi hatakataa.

Pia mizigo ya kuchangia hutozwa kwa tani au kwa mita za ujazo, kile kilicho kikubwa. Wauza vikapu huumizwa na ujazo. Jiwe mara nyingi litakuumiza kwa uzito. Pima kila kitu kwa mizani kabla ya kutaja bei. Usikadirie.

Keshia_Nakuru:
Mimi naangalia zile siku 60. Hiyo si biashara tu, ni mkopo. Unamkopesha mtu wa Hamburg bila riba, na wewe mafundi wanakudai Jumamosi.

Tena anasema "baada ya mzigo kufika". Utafika lini? Tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaanze mwishoni mwa 2023, meli nyingi za Ulaya ziliacha Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, karibu wiki mbili zaidi. Wenzetu wa parachichi walilia, tunda lilikuwa linafika limelainika. Jiwe lako halitaoza, lakini pesa yako nayo inazunguka Afrika nzima ikiwa ndani ya meli. Hesabu ianze siku mzigo unapopokewa kwa usafirishaji, tarehe iliyo kwenye stakabadhi, si siku atakayokuambia amefungua sanduku.

Kuhusu sarafu: Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa karibu 130. Aliyeuza kwa dola akasubiri malipo, faida yake yote iliyeyuka bila mtu yeyote kumwibia, na aliyekuwa akiagiza spea kutoka nje alikuwa anacheka. Kwa hiyo usidhani euro ni pesa salama eti kwa kuwa ni ya wazungu. Gharama zako ni za shilingi: jiwe, msasa, nta, mafundi, lori. Zikokotoe zote, kisha taja euro kwa kiwango ambacho hata shilingi ikipata nguvu kwa asilimia 15 bado hujaingia hasara. Kama bei yake haivumilii hilo, basi hiyo "mara mbili" ni ya kwenye karatasi.

BintiTabaka:
Asante sana. Hilo la tarehe sikuwa nimeliona kabisa. Je, nimwombe afungue ile dhamana ya benki, LC, ambapo benki yake inaahidi kunilipa nikionyesha hati za usafirishaji? Nimeona watu wanaisifu.

Keshia_Nakuru:
Kwa tani mbili ada za benki pande zote mbili zitakula sana. Omba asilimia 50 kabla ya kazi, na iliyobaki alipe ukimtumia nakala za hati za usafirishaji, kabla hujaachilia zile za asili. Bila hati ya asili mzigo hautoki bandarini, ndiyo nguvu uliyo nayo. Hakikisha tu wakala wako hatoi hati ya aina ya kuachilia mzigo moja kwa moja.

MwanafunziMaseno:
Dada BintiTabaka, oda yako ni silabasi yetu nzima ya biashara ya kimataifa: sarafu, siasa, sheria, utamaduni, usafirishaji. Ningeomba niitumie kwenye kazi ya darasani!

Ila jambo moja hamjaligusa, mshindani. Huyo Mjerumani hana haja ya Tabaka peke yake. India, hasa Agra, wanachonga jiwe la aina hiyo hiyo. Kwa hiyo usishindane kwa bei, shindana kwa kile ambacho wao hawana.

MpakiajiWaPwani:
Mwanafunzi, itumie, lakini ukipata alama nzuri mnunulie dada soda.

MzeeWaBogiakumu:
Binti yangu, nimefanya kazi ya mawe haya tangu ujana na nimepakia mengi. Sikiliza mambo ambayo hayamo kwenye barua pepe.

Kwanza, kufunga. Sisi tumezoea majani makavu ya mgomba na masanduku ya mbao za mkaratusi zilizopasuliwa juzi. Ulaya haitaki. Majani ni mmea, na mbao mbichi hubeba wadudu. Sanduku la mbao lazima liwe limetibiwa kwa joto na kupigwa muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungia mizigo, ule wenye alama ya shuke la ngano. Muhuri ukikosekana, mzigo wote unaweza kurudishwa au kuchomewa masanduku huko, kwa gharama ya mtu. Uliza KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, ni akina nani wanaoruhusiwa kutibu mbao. Ndani tumia karatasi zilizokatwakatwa, na katoni ngumu.

Pili, Mjerumani atatuma picha moja na kutaka mia tatu kama ile. Jiwe letu halikubali. Timbo moja hutoa jeupe, la pembeni lina mishipa ya waridi, la chini ni jeusi. Mtumie vipande vitano tofauti, akubali kwa maandishi kwamba rangi zitapishana kiasi hicho na kimo kitapishana sentimita moja. Bila hivyo atakata pesa mwishoni na hutakuwa na la kusema.

La tatu ni zito, nalo ni watoto. Wote tunajua wanaopiga msasa jioni ni akina nani. Kwetu mtoto akitoka shule akakaa na mamake kwenye beseni la maji akasugua kiboko, hiyo ni malezi. Lakini tangu Januari 2023 Ujerumani ina sheria ya minyororo ya ugavi, ya kufuatilia haki za watu hadi kwa anayetengeneza bidhaa. Inazibana kampuni kubwa, zenye wafanyakazi 1,000 na zaidi kuanzia 2024, lakini hizo kubwa nazo huwabana wanaoziuzia. Atakuja mtu na kamera, au atatuma fomu. Usijaze fomu ya uongo. Kaa na akina mama muamue mapema nani anapiga msasa na analipwa vipi. Na vumbi: komesheni tabia ya kusaga kavu ndani ya nyumba. Mafundi wengi wa rika langu wanakohoa.

BintiTabaka:
Mzee, hilo la tatu limenigusa. Nikiwaambia akina mama watoto wasiguse kazi, wataona nimeshakuwa mzungu. Wengine karo inatoka hapo hapo.

MzeeWaBogiakumu:
Ndiyo maana nimesema muamue analipwa vipi. Kama bei ni mara mbili, mama alipwe zaidi kwa kipande ili asihitaji mkono wa mtoto. Ikiwa faida yote itaishia kwenye pikipiki ya kakako, basi usianze.

SheriaNaBidhaa:
Nyongeza fupi. Ushuru usikutishe: mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika 1 Julai 2024, na bidhaa yenye asili ya Kenya huingia bila ushuru ikiwa na uthibitisho wa asili. Uliza KRA, mamlaka ya ushuru. Kikwazo ni kanuni za usalama. Bakuli la kuwekea chakula lina masharti yake, na jiwe la namna hii linaweza kuombewa kipimo cha maabara kwamba halina asbesto. Kama huna kipimo, liuze kama pambo na uliandike hivyo. Pia tangu 13 Desemba 2024 lazima awepo mhusika ndani ya Umoja anayewajibika kwa bidhaa. Ukimuuzia huyu wa Hamburg kwa jumla, ni yeye. Andikeni.

BintiTabaka:
Na je, nikiacha wote wawili niuze mwenyewe Marekani kwa intaneti, kimoja kimoja?

SheriaNaBidhaa:
Zamani kifurushi cha chini ya dola 800 kiliingia bila ushuru. Nafuu hiyo iliondolewa kwa nchi zote 29 Agosti 2025, na AGOA, mpango wa Marekani wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, ilifikia ukomo 30 Septemba mwaka huo; Februari 2026 ilirefushwa, lakini hadi mwisho wa 2026 tu. Baada ya hapo tegemea Kongresi. Ongeza nauli ya jiwe kwa ndege. Kwa sasa hapana.

MamaNafuuBusia:
Nyote mnaongea kana kwamba Kampala ni Kondele ya Kisumu. Kampala pia ni nchi ya nje! Mimi ni wa mahindi. Machi 2021 serikali yetu ilifunga mahindi ya Uganda na Tanzania asubuhi moja kwa sababu ya sumu ya aflatoksini, malori yakabaki mpakani. Mwaka uliotangulia ilikuwa korona, foleni ya Malaba ilienda kilomita na kilomita. Nimeona 2008 pia, reli iling'olewa Kibera na Uganda ikakosa mafuta.

Kwa hiyo mama mkwe wako wa Kampala, nampa heshima, lakini usimweke kwenye kapu la "salama". Anacho kizuri kimoja: analipa. Huyo usimwache hata kwa dawa. Na mizigo yako ikiwa chini ya dola 2,000, na bidhaa iko kwenye orodha, omba cheti rahisi cha asili pale pale mpakani. Wengi hulipa wasichopaswa kulipa kwa kutojua.

Swali langu ni hili: kwa nini tani mbili mara moja? Mwambie Mjerumani aanze na nusu tani.

BintiTabaka:
Mama Nafuu, nimecheka kwa "mama mkwe", lakini la nusu tani ndilo nililokuwa nalitafuta. Nusu tani mafundi wetu wanaiweza bila kugusa mzigo wa Kampala.

Basi leo usiku naandika: nusu tani, FCA, euro, asilimia 50 mbele, iliyobaki dhidi ya nakala za hati, sampuli tano za rangi, masanduku yenye muhuri, mapambo tu si vyombo vya chakula. Na Jumapili baada ya kanisa nakaa na akina mama wa msasa. Bei ya kipande itapanda kabla sijampa kakangu hesabu yoyote.

Keshia_Nakuru:
Akikataa asilimia 50, shuka hadi 40, lakini siku ya kulipa usiilegeze.

MpakiajiWaPwani:
Na bima ya lori hadi ghalani, dada. Barabara ya Mtito haijui FCA.