Gumzo la familia: kuongeza urefu wa uzio wa mbao

Dada: Shikamoo mjomba. Uzio una mita 1.2, tunataka ufike 1.8. Nguzo ni sentimita 10 kwa 10. Tukipigilia vipande juu ya nguzo haitoshi?

Mjomba: Marahaba. Usiunge kichwa kwa kichwa. Msumari ulioingia kwenye kichwa cha mbao unafuata nyuzi, haushiki, upepo utauchomoa. Kipande kikae ubavuni mwa nguzo.

Binamu: Lakini nguzo zenyewe kwanza! Mbao zinaongezeka nusu tu, ila nguvu ya kupinda nguzo pale chini inakuwa kama mara mbili na robo. Upepo unapata eneo kubwa zaidi, tena unasukumia juu zaidi.

Dada: Nitajuaje kama zitahimili?

Mjomba: Fukua sentimita 15 kuzunguka kila nguzo, uchome kwa bisibisi usawa wa udongo na chini yake kidogo. Hapo unyevu na hewa vinakutana, ndipo uozo unapoanzia hata kama juu mbao ni nzima. Bisibisi ikizama bila kulazimisha, hiyo nguzo ng'oa. Halafu zishike juu uzisukume. Nguzo nzima inayocheza ni fupi chini au zege lake limepasuka.

Shangazi: Za kubadilisha chukua za mita 2.4, zilizotiwa dawa: sentimita 60 chini, mita 1.8 juu. Udongo ukiwa wa kichanga, nenda chini sentimita 75, kwa hiyo nguzo iwe 2.55.

Dada: Na zile nzima, kipande cha ubavuni kiwe na urefu gani?

Mjomba: Mita 1.2, unene 5 kwa 10. Nusu inapanda juu, nusu inalala na nguzo. Boliti 3 za milimita 10, zilizopakwa zinki, urefu sentimita 18, na washa (vile vipete bapa vya chuma) pande zote mbili. Ya juu iwe sentimita 10 chini ya kichwa cha nguzo ya zamani, ya mwisho 10 kutoka ncha ya chini ya kipande, nyingine katikati. Zipishanishe kidogo kushoto na kulia. Zikiwa kwenye mstari mmoja wa nyuzi, mbao inapasuka.

Binamu: Bana kwanza kwa jiriwa, pima wima kwa timazi, ndipo utoboe vyote viwili kwa mkupuo mmoja. Ukitoboa kimoja kimoja matundu hayalingani.

Kaka: Misumari ya kawaida tunayo mingi, tumalizie hiyo?

Mjomba: Kwenye mbao za dawa hapana. Dawa nyingi zina shaba, chuma kitupu kinaliwa haraka. Tumia skrubu zilizopakwa zinki nzito au za chuma kisichoshika kutu.

Shangazi: Mimi hizo sentimita 60 za nyongeza juu nisingeziba. Weka fito zilizopishana, upepo upite. Nguzo zinapumua na faragha bado ipo, hasa ukipandisha mmea mwepesi. Mmea mzito wenye majani mengi unarudisha mzigo uleule.

Dada: Hilo nimelipenda. Fito zishikwe na nini?

Mjomba: Mbao moja ya kulala juu kabisa, nyingine pale uzio wa zamani unapoishia. Ukiacha ya chini, fito zitapinda.

Binamu: Kabla ya kununua chochote, ongeeni na jirani na muulize halmashauri kikomo cha urefu. Upande wa barabarani mara nyingi kinakuwa kidogo zaidi.

Shangazi: Na kila mlipokata pakeni dawa siku hiyohiyo, ile ya kiwandani haifiki katikati. Vichwa vikatwe mshazari maji yatiririke.