Naomba ushauri: mkutano wa kanda na warsha ya kuhifadhi kumbukumbu za kidijitali, Mombasa

Mwenye uzi, Mombasa

Assalaam alaykum, na salamu kwenu nyote. Ninatunza nyaraka katika maktaba ndogo ya jamii hapa Mombasa, na nimekabidhiwa kazi ya kuandaa mkutano wa kanda wa siku tatu, wenye warsha ndani yake, juu ya kuhifadhi kumbukumbu za kidijitali. Tunatarajia watu wapatao 40 kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Komoro: watunza nyaraka, wakutubi, watangazaji wa redio za kijamii, na wazee wa familia zenye miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Linalonitatiza ni ratiba. Kamati inataka siku mbili za hotuba na nusu siku ya vitendo, nami naona iwe kinyume chake. Miaka michache iliyopita tulipiga picha daftari za mashairi za familia moja ya Mji wa Kale, tukamrekodi na mzee mwenyewe akizisoma, kisha tukaviweka vyote katika diski moja. Diski ile ilipokufa, picha tuliweza kuzipiga upya kwa kuwa daftari zipo, lakini mzee alikuwa ameshafariki na sauti yake haikuwa na nakala pengine popote. Sitaki mtu yeyote aondoke katika mkutano huu akiwa bado anaweza kufanya kosa kama lile.

Naomba mnishauri namna ya kuzigawa siku, mwezi unaofaa, na jinsi ya kuzungumza na wazee wanaohofia kwamba mali yao itachukuliwa.

Mtunza nyaraka, Unguja

Pole sana kwa msiba huo, ndugu yangu, maana ni msiba hasa. Shikilia msimamo wako mbele ya kamati. Wengi wetu bado tunadhani kwamba ukishapiga picha umeshahifadhi, ilhali picha ni mwanzo tu wa kazi, na faili isiyoangaliwa hupotea upesi kuliko karatasi iliyosahauliwa kabatini.

Mtake kila mshiriki aje na faili zake mwenyewe, zisizozidi 50, na warsha nzima ifanyike juu ya faili hizo. Waanze kwa kuziorodhesha. Kisha wazitambue aina zake kwa programu ya DROID, ambayo Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza huitoa bure. Kisha wazifungashe kwa utaratibu wa BagIt, ambao huweka pamoja na faili orodha ya namba za uhakiki. Namba hiyo hukokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya faili, kwa njia kama SHA-256, hivi kwamba ikibadilika hata herufi moja, namba nayo hubadilika. Jambo hili usilieleze kwa maneno matupu. Mpe kila mmoja faili ya maandishi, akokotoe namba yake, afute nukta moja, akokotoe tena. Nimeona watu wazima wakinyamaza kimya wanapoona namba yote imegeuka, na tangu hapo hawahitaji kushawishiwa.

Mwishoni waondoke na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja kati yake ikae mji mwingine. Kuhusu kielelezo cha OAIS, yaani kiwango cha ISO 14721 kinachoeleza namna hifadhi ya kumbukumbu za muda mrefu inavyopaswa kufanya kazi, saa moja yatosha. Ni kizuri, lakini mtu huanza kukielewa baada ya kushika kazi.

Mkutubi, Kilifi

Kuhusu wazee, dada au kaka, usianze kwa kuwaomba miswada. Waweke mbele, uwape nafasi ya kueleza wao wenyewe namna familia zao zilivyoitunza kwa vizazi kadhaa, kwa sababu katika chumba kile wao ndio wenye uzoefu mrefu kuliko sote. Kisha waelezwe wazi kwamba miswada asilia haitoki nyumbani. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu ilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini, na sharti la mpango huo ni kwamba asili zibaki nchini zilikotoka.

Wala msiridhike na nakala iliyo ng'ambo peke yake. Mwezi Oktoba 2023 maktaba hiyo hiyo ilishambuliwa na wahalifu wa mitandaoni, na huduma zake nyingi, pamoja na za kusomea miswada iliyopigwa picha, zikakatika kwa miezi mingi. Familia iwe na nakala yake mkononi. Ridhaa iandikwe kwa Kiswahili, itenganishe ruhusa ya kuhifadhi na ruhusa ya kuchapisha mtandaoni, na pale panapotajwa watu walio hai, mkumbuke Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019.

Fundi wa kompyuta, Kisauni

Pakua programu zote mapema, uzitie katika fleshi na uzijaribu kwenye kompyuta tofauti tofauti. Usitegemee intaneti ya ukumbi kwa watu 40. Fleshi za wageni zikaguliwe virusi mlangoni. Ulizia jenereta, na utake iwashwe mbele yako kabla ya kulipa.

Mwanachama, Dar es Salaam

Epuka masika, Machi hadi Mei, na Desemba, ambapo hoteli za Pwani hujaa na bei hupanda. Alhamisi ya kwanza ya Novemba ni Siku ya Kimataifa ya Kuhifadhi Kidijitali, kwa hiyo mkikutana Jumanne hadi Alhamisi mtamalizia siku hiyo, na Ijumaa itabaki huru kwa swala na safari. Vuli huwapo wakati huo, lakini si kama masika. Sisi wa Tanzania wengi tutakuja kwa basi kupitia Horohoro na kufika tumechoka, basi siku ya kwanza ianze baada ya chakula cha mchana. Wakomoro nao wawekewe mkalimani wa Kifaransa; lugha yao ni ndugu wa Kiswahili, lakini undugu huo hautoshi kufuatia somo la kitaalamu.

Mwenye uzi, Mombasa

Ahsanteni sana. Novemba nimeikubali, na hotuba nitazibana ziishe alasiri ya siku ya kwanza. Limebaki moja: watu wa redio wana kaseti nyingi, nao wanataka wafundishwe kuzihamisha zote hapo hapo.

Mtunza nyaraka, Unguja

Zote haiwezekani, na uwaambie mapema. Kaseti ya saa moja huchukua saa moja kuihamisha, na ukirekodi kwa WAV, yaani faili ya sauti isiyobanwa, ya biti 24 na kiloherzi 96, kama inavyofaa, saa hiyo moja ya stirio hufikia takriban gigabaiti 2. Kila redio ilete kaseti moja, ile ambayo ingewauma zaidi kuipoteza. Tafuta deki, yaani mashine ya kuchezea kaseti, iliyosafishwa kichwa, na kabla ya kucheza chochote uvunje vile vijino viwili vya mgongoni mwa kaseti ili isiweze kurekodiwa juu yake kwa bahati mbaya.

Mwenye uzi, Mombasa

Deki ninayo, na nitampelekea fundi wiki hii. Ratiba mpya nitaiweka hapa muione kabla sijaifikisha kwa kamati.