Fensi Shangani inatoa chumvi, nipake rangi gani kabla ya mvua?

Kusini_Kwetu:
Wakuu habari za leo. Nina fensi ya tofali za saruji huku Shangani, Mtwara, upande wa bustani plasta ni ya zamani ishapakwa rangi mara kadhaa, upande wa geti nimeongeza kozi mbili (mistari miwili ya tofali) juu na plasta mpya imepigwa wiki iliyopita. Sasa ile ya zamani kuanzia chini mpaka usawa wa goti rangi imefura malengelenge, ukigusa inadondoka na nyuma yake kuna unga mweupe kama chumvi, na mama watoto amepanga maua yake yote palepale ukutani anamwagilia asubuhi na jioni. Fundi mmoja anasema rangi ya mafuta ndo kiboko ya upepo wa bahari, mwingine anataka akandike jipsam kwanza ukuta uwe laini. Mimi nataka iishe kabla mvua za mwezi wa 12 hazijashika. Nimsikilize nani?

Mla_Korosho:
Shangani ndo kwa mabosi, paka hata dhahabu mkuu 😂

fundi_brashi:
Usimsikilize hata mmoja. Jipsam ni ya ndani, ikinywa maji inalainika inabanduka na rangi yake juu. Na rangi ya mafuta kwenye ukuta wenye unyevu unaufungia maji ndani, yakitaka kutoka yanaisukuma rangi, malengelenge yaleyale yanarudi. Hiyo chumvi inabebwa na maji yaliyomo ukutani, yakikauka yanaiacha pale juu. Bandua yote iliyolegea, sugua na brashi ngumu ukuta ukiwa MKAVU, ufagie uzoe. Usipige mpira wa maji maana chumvi itayeyuka irudi ndani. Plasta mpya ipe kama wiki 4, saruji mbichi ina ukali unaokula rangi, utaona madoa madoa tu. Ikikauka piga praima ya kuzuia alkali, yaani huo ukali wa saruji, halafu rangi ya maji ya nje mikono miwili.

Bi_Mitwero:
Mie niko Lindi, shida ndo hiyohiyo. Shemeji mwambie wifi ahamishe hayo maua, udongo ukiegemea ukuta na kunyweshwa kila siku hata rangi ya bei gani haikai. Halafu juu ya hizo kozi mbili umefunga vipi? Fensi nyingi huku zinaachwa wazi juu, mvua inaingilia kichwani. Weka kofia ya zege itokeze kidogo pande zote, na chini ya ukingo wake fundi achore mfereji mwembamba ili maji yadondoke yasitambae ukutani.

Mwana_Mikindani:
Na chokaa je? Majumba ya zamani ya kwetu Mikindani ni mawe na chokaa tupu, ukuta unapumua.

fundi_brashi:
Chokaa nzuri, ila juu ya rangi ya plastiki haishiki, mpaka abandue yote. Ukuta mrefu vile nani atambandulia wote? Mkuu kabla hujanunua ndoo hata moja bandika vipande vya nailoni ukutani, zungushia gundi pande zote, kaangalie kesho yake. Ikiwa na matone kwa ndani, ukuta bado. Penye ukungu wa kijani sugua na jiki iliyochanganywa na maji, suuza, acha pakauke kabisa.

Kusini_Kwetu:
Nimebandika jana jioni sehemu mbili. Ya juu kavu kabisa, ya chini imejaa jasho. Maua yanahamia kwenye ndoo, imekuwa kesi kidogo humu ndani ila yameisha.

fundi_brashi:
Basi juu endelea, plasta mpya isubiri wiki zake. Chini bandua uache wazi, katikati ya mwezi wa 11 bandika nailoni tena. Ikitoa jasho usipake mwaka huu, subiri kiangazi cha mwezi wa 6 na kuendelea. Na upake kwa kufuata kivuli, ukuta wa jua kali rangi inakauka kabla rola haijapita.

Kusini_Kwetu:
Sasa fensi ya rangi mbili mpaka mwezi wa 6, wageni nitawaambiaje?

Bi_Mitwero:
Waambie ndo fasheni ya mjini shem 😄 Ila hiyo kofia usiache.