Mrejesho: lile somo la takwimu

Wakuu, mtakumbuka niliomba ushauri: nasoma sosholojia hapa Dodoma, nimetokea HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), hesabu niliiaga kidato cha nne, halafu naambiwa bila takwimu sihitimu. Nimepata C. Inatosha kabisa!

Uliyesema niweke fomula pembeni nianze na watu, ubarikiwe. Mfano, wauza zabibu watano, kwa siku wanapata 5,000, 6,000, 7,000, 8,000 na 74,000. Wastani ni 20,000, pesa ambayo hakuna hata mmoja wao anayeishika. Ya katikati, 7,000, ndiyo inafanana na maisha yao. Hiyo si hesabu, ni sosholojia yenyewe. Standadi divieshini, ile ya kupima namba zimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani, bado inanitoa jasho, ila kikokotoo kiliruhusiwa, nikabonyeza. Na mliosema nihame kozi, sihami.